Saa Mbea na Filamu ya Helikopta

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Hatimaye! Kuna mtu mwenye masikio katika mji huu. Asubuhi kaingia dukani mtangazaji wa redio ya mtaa, anatafuta godoro la chumba cha wageni. Nikamwambia ukweli: hilo la maua linabonyea katikati kabla mgeni hajaaga. Bosi akanikata jicho. Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa, akasema mtu mkweli wa namna hii ndiye anayemtafuta. Kila Jumamosi awaeleze wasikilizaji ni kifaa gani, programu gani ya simu na filamu gani mpya inafaa. Nije Jumamosi hii kwa majaribio. Kisha akaenda kununua godoro lake duka la jirani.

Miaka yote hii nauza magodoro, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Nyumbani nikianza kutoa maoni, mke wangu anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Mama mkwe ndiyo kabisa, anaomba radhi akalale. Sasa watanisikiliza wote. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, naandika bila aibu.

Jioni, furaha imetiwa doa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, yule fundi simu, naye kaalikwa! Eti kwa sababu alimtengenezea mtangazaji kioo cha simu. Tutashindanishwa studio, mimi na yeye. Mtu niliyemfundisha mwenyewe kufunga tai!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Kifaa nimepata: saa janja ya mkononi. Muuzaji anasema ndani ya wiki anaipokea tena, mradi isiwe na mkwaruzo. Kwa hiyo ile nailoni ya kioo siibandui. Sioni ni saa ngapi, lakini kazi ya mhakiki si ya starehe.

Saa imeikataa simu yangu. Eti ni ya zamani mno! Dharau gani hii? Nimeiunganisha na simu ya mke wangu, yeye akiwa anapinda pazia la mteja. Wala hakuuliza. Inapima mapigo ya moyo, hatua na mambo mengine ambayo sikuyasoma, maana maelekezo yake ni marefu kama kesi ya shamba.

Maoni ya awali: inabana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Programu ya simu. Hii inasoma uso wako na kukuambia una hisia gani. Nimeazima simu ya mke wangu kabla ya kwenda kazini, nikajipiga picha. Ikaandika: hasira. Nikaiambia, kwa sauti, kwamba sina hasira hata chembe. Nikapiga tena. Ikaandika: hasira kali. Nikatabasamu mpaka magego yakaonekana. Ikaandika: hofu. Upuuzi mtupu! Programu ina chuki binafsi na mimi. Mke wangu akajipiga picha moja tu, ikamwambia ana subira. Wameelewana.

Saa tano nilikuwa nakagua godoro jipya la sponji, kwa mgongo, kama muuzaji makini anavyotakiwa. Macho nilifumba ili nisikengeuke. Ghafla saa ikatetemeka, ikalia, ikanipongeza kwa sauti ya kike kwa usingizi mnono. Mbele ya bosi! Na mteja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anauliza bei. Nimehamishiwa stoo kupanga mito.

Jioni mke wangu kaniuliza, bila kuinua kichwa kwenye cherehani, kama nimelala vizuri kazini.  Nani kamwambia? Bosi hana namba yake. Ni shemeji! Kibanda chake cha simu kinatazamana na duka letu. Ananipeleleza ili anichafue kabla ya Jumamosi. Na mimi nilivyomnyooshea ile tai harusini kwake!

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Filamu. Nimekwenda na mke wangu ukumbi wa sinema, onyesho la jioni. Kwanza viti. Ni laini kupita kiasi, mgongo unazama, shingo inalegea. Kama muuza magodoro nasema wazi: hilo ni kosa la kiufundi, na mtu anayetoka kupanga mito kutwa nzima hawezi kuvumilia.

Filamu yenyewe haina kichwa wala miguu. Mwanzo tu, helikopta inalipuka juu ya daraja. Nikakaa mkao wa kula. Kabla hatujaambiwa nani alikuwamo, bibi harusi analia kwenye mvua. Kabla hatujajua kaachwa na nani, anatokea dubu wa katuni anapiga mswaki! Halafu taa zikafifia zaidi na jina la filamu ndiyo likaja, wakati sisi tumeshaangalia mpaka tumechoka. Jina linawekwa katikati? Nikafumba macho kidogo ili niusikilize muziki kitaalamu. Nilipofumbua, watu wanasimama, na mke wangu anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Fupi kupindukia. Na habari ya helikopta hawakuieleza hata kidogo!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimejaribu kumchokonoa mke wangu. Nikamuuliza, kama mazungumzo tu, mwisho wa filamu kauonaje. Akasema umemchoma moyo. Nikamuuliza hasa wapi. Akasimamisha cherehani, akaniangalia, akauliza mimi ilinigusa sehemu gani. Nikakumbuka kwamba kuna bomba linavuja uani. Bomba letu halivuji. Nilisimama nalo mpaka akazima taa ya kushonea.

Lakini nina mkakati. Nikibanwa studio kuhusu mwisho wa filamu, nitasema mke wangu alikoroma ukumbini mpaka nikakosa kusikia. Haumii mtu. Kesho asubuhi yeye atakuwa kwa mteja anapima madirisha, redio ataisikilizia wapi? Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeumbuka. Lakini naandika.

Nilianza vizuri! Nilivaa shati la harusi. Nikasema saa inabana na ni mwongo wa kutupwa. Nikasema programu inastahili kuombewa. Mtangazaji alicheka mpaka akapiga meza. Shemeji akasoma habari za betri ya spika, kifaa alichochagua yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya nyumba ya kupanga. Nilikuwa namwacha mbali! Nikaingia kwenye filamu. Nikadai haki ya ile helikopta, nikauliza bibi harusi na dubu wanahusiana nini.

Shemeji akainua kichwa. Akasema dada yake kamsimulia filamu hiyohiyo, wala hakutaja helikopta. Kimbelembele! Nikamjibu kwamba dada yake angesimulia nini wakati alikoroma mwanzo mpaka mwisho.

Simu ya studio ikalia. Kumbe yule mteja wa madirisha redio yake haizimwi.

“Baba watoto,” sauti ikasema, na mji mzima unasikia, “aliyekoroma ni nani?”

 Akaendelea, taratibu, kama anayemsomea mteja vipimo. Tangu Jumanne saa yangu inamletea kila kitu kwenye simu yake. Alhamisi jioni: usingizi mzito, tangu jina la filamu lilipotokea mpaka taa zilipowaka. Jumatano saa tano asubuhi, dukani: usingizi mnono. Mbea mkubwa, hiyo saa! Kwa hiyo si shemeji aliyenisema. Lakini angeweza.

Kisha akafafanua. Helikopta ni tangazo la filamu itakayokuja. Bibi harusi ni tangazo la nyingine. Dubu ni tangazo la dawa ya meno.

Mtangazaji alikuwa amelalia meza, hawezi kusema. Alipopata pumzi akamwomba mke wangu basi aeleze yeye, filamu ilihusu nini. Akaeleza. Ni madada wawili wana duka la mikate. Mkubwa anapoteza macho na anamficha mdogo wake jambo hilo. Wengi ukumbini, akasema, walishtuka mwisho, lakini yeye alijua mapema, kwa sababu anashinda na nyuzi mkononi. Yule dada alianza kulifunga kila gunia fundo lake tofauti, ili vidole vimwambie huu ni unga upi. Na siku ya mwisho mdogo anaingia stoo, anakuta mafundo, anayashika moja moja huku amefumba macho.  Anatoka na kumuuliza dada yake wakande unga gani leo.

 Shemeji alikuwa anapangusa miwani yake. Mimi nikajifuta macho kwa mkono wa shati, kwa hasira tupu. Filamu nzuri namna ile! Kwa nini hakuniamsha? Nafuta hilo. Sikulala.

Nafasi kapewa yeye. Papo hapo, kwenye simu, akiwa juu ya stuli na futi yake ya kupimia shingoni. Wasikilizaji wakaanza kupiga kumpongeza. Mimi na shemeji tumerudi kwa miguu. Niliumia. Naandika hivyohivyo: niliumia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Muuzaji kakataa kuipokea saa. Haina mkwaruzo hata mmoja, nailoni ninayo! Anasema alinisikia redioni nikiiita mwongo, kwa hiyo niende nayo. Hakuna uhuru wa maoni siku hizi.

Mke wangu hakununa. Jana, akiwa ananishonea kifungo cha shati la harusi, alisema usingizi hakuujali, alichokijali ni kusingiziwa kukoroma mbele ya watu. Nikasema samahani. Ilinitoka kwa shida lakini ilitoka. Kisha akasema, na hapa moyo wangu uliruka, kwamba kipindi ni kirefu, vifaa hana haja navyo, anaweza kumwomba mtangazaji anipe mimi dakika chache za vifaa. Sharti moja tu: nijaribu kitu kimoja mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

Nimekubali palepale. Nimeapa. Nimeshaagiza miwani ya kumzuia mtu asisinzie, na mwenye duka anasema itafika Jumatano.

Maoni yangu yako tayari, nimeyaandika mchana huu stoo, nikiwa nimeegemea mito. Inabana masikio, inasema uongo, wala haikunisaidia chochote.