Jinsi Valli Alivyouteka Mvuke wa Ramassery

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kuinua simu juu ya kichwa kama mwenge, mkizunguka uani kutafuta mtandao. Sogeeni nanyi mliowahi kumwahidi rafiki mgonjwa, "Nikifika nitakutumia picha," kisha mkala kwanza. Zimeni feni, wekeni vikombe chini. Nataka kuwasimulia habari za Sundaravalli binti Arunachalam, mwenye kidole cha chuma, aliyeketi miaka thelathini na minne mbele ya ubao wa simu pale Tirunelveli, akiunganisha mabwana na wake zao, wachumba na wachumba wao, wafiwa na habari za misiba yao. Na jinsi Ijumaa moja, katika kibanda cha idli kijijini Ramassery, alivyopigana na chungu, na saa, na miungu elfu tatu, ili apige picha moja. Nawe, ewe mvuke, mwana wa maji na moto, usiyekaa mahali ukaandikwa, kaa nami kwa kurasa hizi chache.

Walikuwa wanne, wote wapokea simu, wote wastaafu. Valli tumekwisha mtaja. Wa pili alikuwa Philomina wa Kitochi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya kanisa, aliyeapa kwamba simu yenye vitufe inamtosha mtu mwenye akili. Wa tatu alikuwa Rahmath Beevi, mwembamba, mkali, mwenye kikapu kisichokosa kitu. Na wa nne, Kanthimathi wa Goti Jipya, ndiye aliyepanga safari nzima kwa miaka tisa, akachora njia ya treni na mabasi katika daftari, akaandika kila mji na chakula chake. Kisha, wiki tano kabla ya siku ya kuondoka, daktari akalitoa goti lake bovu na kumtia la chuma.

"Nendeni," aliwaambia wenzake kutoka kitandani. "Mkiningoja mimi tutasafiri tukiwa majivu."

"Majivu ni yenu ninyi," akajibu Rahmath. "Mimi nazikwa."

Ndipo Kanthimathi akatangaza masharti yake, nao wakayapokea wakiwa wamesimama. Kila siku, kabla ya saa nne asubuhi, watamtumia katika kundi lao la simu picha moja ya chakula ambacho angekula kama angekuwepo. Chakula hicho kiwe kinatoa mvuke. Bila mvuke haihesabu, maana chakula baridi hata gazetini kipo. Na yeye akiuona mvuke atainuka, ashike fimbo, atembee mpaka getini na kurudi, kama daktari anavyotaka.

Waliosikia mapatano hayo walidhani ni ulafi. Valli, ambaye alikuwa amesikiliza sauti za watu asiowaona kwa nusu ya maisha yake, alijua ni hofu. Goti lilikuwa likiuma, geti lilikuwa hatua arobaini, na Kanthimathi hakuumbwa na ulimi wa kusema naogopa.

Basi jeshi likaondoka. Jumatatu, pongal ya Madurai, wali uliopikwa na choroko, ilitumwa ikifuka, na Kanthimathi akatembea. Jumanne, paniyaram za Karaikudi, ndugu wa vitumbua, akatembea. Jumatano, dosa ya Dindigul, chapati nyembamba ya mchele, iliyotoa mvuke kama gari moshi la zamani. Akatembea, akarudi, akatukana fimbo. Picha hizo zote zilipigwa kwa simu ya Rahmath. Lakini Alhamisi, kwenye ngazi za mlima wa Palani, tumbili mmoja, haramia asiye na bendera, aliishukia simu ile akidhani ni andazi, akapanda nayo juu ya paa, akaiuma, akaona haina utamu, akaiachia kutoka urefu wa mnazi. Siku hiyo hakuna picha iliyotumwa. Siku hiyo Kanthimathi hakutembea.

Ijumaa, saa tatu kasorobo asubuhi, wakiwa ndani ya bajaji kutoka Palakkad, Valli alipokea ujumbe wa sauti wa Gomathi, binti wa Kanthimathi.

"Shangazi Valli, jana Mama hakunyanyuka hata kidogo, na goti limeanza kukaza. Saa nne gari linakuja kutupeleka kwa daktari. Daktari amesema akimwona Mama anabebwa, anamlaza leo leo, anampa dawa ya usingizi, analikunja goti kwa nguvu. Mama mwenyewe amekaa na saa mkononi. Namwambia twende tujaribu hatua mbili, ananiambia hajaona mvuke. Shangazi, nisaidie."

"Simu imebaki ya nani?" aliuliza Philomina, ingawa alijua.

"Yangu," alisema Valli.

Kibanda cha Chellamma kilikuwa na meza mbili, jiko la kuni, na safu ya vyungu vilivyofunikwa vitambaa. Humo ndimo zinamopikwa idli za Ramassery, vikate vyeupe vya mchele, bapa kama sahani, laini kama shavu la mtoto mchanga. Chellamma mwenyewe, jemadari wa jiko, mkanda wa funguo kiunoni, aliwatazama wakiingia kwa kishindo.

"Chai kwanza au idli kwanza?"

"Mvuke kwanza!" alinguruma Philomina.

Chellamma hakushangaa. Wateja wa mjini alikuwa amewazoea. Aliinua kitambaa, na tazama, wingu jeupe likapanda mpaka kwenye mianzi ya paa, zuri, nene, lenye harufu ya mchele uliochacha vizuri. Valli alichomoa simu yake kama upanga. Akalenga. Akabonyeza. Na simu ikamjibu kwa maneno machache yaliyoangusha majemadari wakubwa kuliko yeye: Hakuna nafasi.

"Haina nafasi gani?" alisema Rahmath. "Umeweka nini humo, tembo?"

"Salamu za asubuhi," alisema Valli kwa sauti ndogo.

Hapa lazima mwandishi wa habari hizi asimame na kuvua viatu. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha elfu tatu mia nane na kumi na sita, zilizotumwa alfajiri baada ya alfajiri na ndugu, majirani na wenzake wa kazini: Pillaiyar mwenye kichwa cha tembo akizungukwa na mawaridi, Murugan juu ya tausi, Lakshmi juu ya yungiyungi, na chini yao wote maneno Siku Njema. Na Valli hakuwahi kuifuta hata moja. Kalenda kuukuu yenye sura ya mungu huwezi kuitupa jalalani. Unaipeleka mtoni, au unaiegemeza chini ya mti mtakatifu, iondoke kwa heshima. Lakini picha iliyomo ndani ya simu utaipeleka mto gani?

"Futa za Murugan," alisema Philomina. "Kumi tu."

"Murugan! Jana tumetoka kumwomba mlimani, leo nimtie kwenye pipa la taka? Tumbili yule alikuwa salamu tu, Philo. Unataka kuona hasira yenyewe?"

"Basi Pillaiyar. Ana roho nzuri."

"Ndiye mwondoa vikwazo! Nimwondoe yeye ili kikwazo kiondoke? Kwa nini tusifute za kwako, yule Yesu wa Moyo Mtakatifu uliyenitumia kila Jumapili?"

Philomina alijishika msalaba shingoni. "Thubutu."

Wote wawili walimgeukia Rahmath.

"Msinitazame," alisema Rahmath. "Mimi natuma Ijumaa Njema tu, na leo ni siku gani? Semeni wenyewe, leo ni siku gani?"

Wakati baraza la dini tatu likiendelea hivyo, idli zilipoa. Mvuke ulikonda, ukawa uzi, ukawa kumbukumbu. Chellamma alizipakua kwenye jani la mgomba na kumwaga chatini pembeni.

"Kuleni basi. Mnazikodolea macho kama maharusi."

"Mama, kuna zingine zenye moto?" aliuliza Valli.

"Chungu kimoja kimebaki. Unga wa leo umekwisha. Kitaiva sasa hivi, na nikishakifunua nimefunga, nakwenda harusini Chittur."

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tatu. Chungu kimoja. Mvuke mmoja. Kule kusini, mwanamke na saa yake.

"Tuazime simu yako, mama," alisema Rahmath.

"Ipo kwa mume wangu, na mume wangu yupo harusini tangu jana. Anaonja."

Valli alishuka katika vilindi vya simu yake akitafuta kafara. Alizikuta picha mia na arobaini za mjukuu wake amelala. "Zote amelala tu!" alipiga kelele Philomina juu ya bega lake. "Acha moja, futa zingine, mtoto ni yule yule!" Lakini katika kila moja ngumi ilikuwa imekunjwa namna yake, na kidole cha chuma kikakataa. Kikashuka zaidi. Na huko chini kabisa kikaikuta video moja, nzito kama nanga.

Dakika kumi na moja na sekunde nane. Hotuba ya Sundaravalli siku ya kustaafu. Hakukuwa na nakala nyingine; mpwa wake aliyeipiga alikuwa amekwisha badilisha simu mara mbili. Valli aliitazama kila mwezi, akiwa peke yake, na kila mara mtu alipomtembelea, akiwa si peke yake. Ilikuwa siku moja tu katika miaka thelathini na minne ambapo yeye, mwenye kazi ya kuunganisha maneno ya wengine, alipewa kipaza sauti akasema ya kwake, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Rahmath aliona kidole kilipokomea. Mara ile ukali ukamtoka usoni.

"Dada, si hiyo. Tutafute nyingine."

"Hakuna nyingine nzito kama hii."

"Basi Kanthi atembee bila mvuke, mtu mzima yule!"

"Hatatembea," alisema Valli. "Anaogopa, Rahmath. Mimi namjua akiogopa. Anaanza kuweka masharti."

Chungu kilianza kunguruma. Chellamma alishika ncha ya kitambaa. "Nafunua!"

Ndipo Valli alipojinyoosha, sari yake ikimzunguka kama deraya, akanena kwa sauti ile ile iliyowahi kusema *subiri kwenye laini* kwa mawaziri: "Ewe hotuba yangu, ulinihudumia vema. Nenda kwa heshima, maana huna mungu ndani yako isipokuwa mimi."

"Na mimi naijua yote kwa kichwa," alisema Philomina ghafla. "Umetuonyesha mara ngapi? Sikiliza." Akajikohoza, akafungua kifua: "Waheshimiwa wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, na wewe feni ya dari, uliyetupepea nusu ya miaka hii na kutuangalia tu nusu nyingine—"

"—watu wanadhani kazi yetu ilikuwa kusema," Rahmath akadakia, akikunja uso kuzuia machozi yasimtoke, "kumbe ilikuwa kunyamaza kwa wakati—"

Wakaisoma hivyo, wawili kwa sauti moja, pamoja na mahali alipokosea na mahali alipopiga chafya. Na Valli akabonyeza.

Nafasi ikapatikana, pana kama uwanja.

"Funua, mama!"

Chellamma akafunua. Wingu likaruka. Valli akaingia ndani yake mzima mzima, akabonyeza, akatazama: weupe mtupu. Mvuke ulikuwa umeifunika lenzi, na miwani yake pia, naye akasimama kipofu katikati ya uwanja wa vita.

"Rudi nyuma!" alipiga kelele Rahmath.

"Futa kioo!" alipiga kelele Philomina.

"Mnakula au mnaniibia?" aliuliza Chellamma.

Akafuta kwa upindo wa sari. Wingu lilikuwa limekwisha pita paa. Zilibaki nyuzi tatu, kisha mbili. Rahmath alijitupa mbele na kikapu chake, akakishikilia ukingoni mwa chungu kuzuia upepo wa mlangoni, na nyuma ya ngome hiyo ya ukindu uzi wa mwisho ukasimama wima juu ya idli nyeupe, ukapinda shingo kidogo, kama malkia anayepigwa picha kwa hisani yake mwenyewe.

Kidole cha chuma kikashuka.

Ilitumwa saa tatu na dakika arobaini na moja. Alama moja. Alama mbili. Kisha sauti ya Kanthimathi ikaja, kavu, ya hakimu asiyehongeka:

"Huo ni mvuke, au ni moshi wa kuni?"

Philomina alitaka kuirusha simu jikoni, lakini Valli alibonyeza kitufe cha sauti na kusema taratibu:

"Kanthi, moshi ungekuwa nyuma ya chungu. Huu unatoka kwenye idli, utazame shina lake. Nimefuta hotuba yangu ili uuone. Simama, dada. Hatua arobaini tu. Sisi tupo kwenye laini, hatukati."

Wakangoja. Dakika tatu, tano. Idli za chungu cha mwisho zilikaa juu ya majani bila kuguswa na mtu. Chellamma, ambaye sasa alikuwa ameelezwa kisa chote na kuisahau harusi yake, aliketi nao mezani, mkono shavuni.

Saa nne kasoro dakika nane, Gomathi alituma sauti. Haikuwa na maneno yake. Ilikuwa na vumbi na honi ya pikipiki, na pumzi nzito ya mtu aliyetembea mbali kuliko alivyopanga, na juu ya vyote hivyo, sauti ya Kanthimathi ikimfokea mchuuzi wa mboga: "Bamia gani hizi, kamba? Nimevuka barabara nzima na goti la chuma, halafu unaniuzia kamba?"

Waliisikiliza mara nne. Philomina alilia waziwazi, kama kanisani. Rahmath alisema ni pilipili.

Basi na iandikwe, ili wajao wasipotoshwe: kwamba Ijumaa ile Kanthimathi wa Goti Jipya alifika getini, akalipita, akavuka barabara, na gari la kumpeleka kwa daktari likamkuta kwa mchuuzi, akalipanda kwa miguu yake mwenyewe akiwa na fungu la bamia alilolipata kwa bei aliyoitaka. Na kwamba kule Ramassery, Sundaravalli, mshindi, alivuta jani lake la mgomba karibu, akamega idli iliyokwisha kupoa, akaila yote, akaomba ya pili.