Kapu la Korosho kwa Mama wa Mafaili

Jumatatu, 6 Oktoba
Chakula hakipiti. Umi wangu kapiga simu toka chuoni Dar, sauti ya msiba. Udaktari wake wa biashara kaumaliza. Kitabu kakiandika, maprofesa wamemhoji, kawashinda. Lakini ripoti moja ya msimamizi wake haimo kwenye faili. Bila hiyo, jina haliendi kwenye mahafali. Faili analitunza mama mmoja, Agnes. Nikauliza, huyo Agnes ulimpelekea nini? Akasema mama, pale mtu hapelekewi kitu.
Nikajua hapo ugonjwa ulipo!

Jumanne, 7 Oktoba
Bombani, jirani yangu Cecilia kaniuliza mbele za watu: mwanao miaka yote anasomea biashara, mbona hata genge hana? Nikamjibu anakuwa daktari. Akasema basi aje anitazame goti. Wakacheka mpaka wakashikana. Nimefika nyumbani ndoo nusu.
Sisi wa huku Mchinga huendi kwa mtu mikono mitupu, hata ukienda kumnunia. Mwanangu kasahau kwao.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimebangua korosho mchana kutwa, vidole vimebabuka. Kapu limejaa, nazi juu. Nimeandika kwa mkono wangu: Kwa Mama Agnes wa mafaili, toka kwa mama yake Umi Rehani. Likwata, kondakta wa basi, kaapa atalifikisha hadi mezani. Umi sijamwambia. Ataona matokeo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ya Rabi! Likwata kafikisha kweli. Kaingia ofisini watu wamejaa, kapaza sauti: mzigo toka kwa Umi, yule wa udaktari! Agnes hakuonja hata punje. Kaandika barua kwamba zawadi ile ni rushwa, kaiweka kwenye faili. Faili lililokosa karatasi sasa lina karatasi tusiyoitaka. Kamati itakaa Jumatano. Wakitaka, wanamfuta.
Umi analia. Anasema mama, umenizika. Nimesali nikapotea rakaa. Mtoto huyu nilimsomesha kwa korosho hizo hizo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Alhamdulillahi! Kamati imemwonya tu. Tena Agnes alipolitoa faili kulipeleka kwa kamati, kalikuta limegandana na la mwanafunzi mwenzake Umi, Ismaili. Ripoti imo humo! Jina litapelekwa Jumatatu.
Umi anasema ni bahati. Bahati! Bila kapu langu nani angeligusa faili lile?
Kaniapisha: korosho situmi tena, nazi situmi tena, kwa mtu yeyote wa chuo. Nimeapa machozi yakinitoka. Kiapo kwa mtoto hakivunjwi.
Lakini mtu akikufaa, unamwacha hivi hivi? Yule mama kaliona faili kwa macho yake mwenyewe. Pweza wangu amekauka vizuri, nimemfunga kwenye kanga mpya. Pweza hatukumtaja. Likwata anapita kesho alfajiri.