Kukusimba na Sheria ya Tano

Jumapili, 2 Machi 2025

Miaka miwili, miezi minne na siku kumi tangu niondoke nyumbani Namanyere. Niliaga kwa kusema nitarudi Pasaka.

Mvua. Duara letu, shimo tunalochimba dhahabu, limejaa maji hadi ngazi ya nne. Pampu imekohoa, ikafa. Hakuna kazi. Basi nimemaliza mchezo wangu! Madude ishirini na mawili, nimeyachora kwenye boksi la biskuti. Mama Justa, anayetupikia hapa machimboni, anauliza nani kakata boksi hilo alilokuwa anawekea vitunguu. Nimesema panya. Amesema panya wa kwao hawatumii mkasi.

Mchezo ni huu. Kila mchezaji ni mfugaji. Unalikamata dude porini, unalilisha, unalifundisha, kisha unalipambanisha na la mwenzio. Mimi ndiye mwenye meza: nasimulia pori likoje, nini kimetokea kichakani, nani kaumia. Dadu mbili ndizo zinaamua. Sagasaga anatafuna mwamba na kutoa vumbi kwa nyuma. Fukofuko ana tochi kichwani. Chura Pampu anakunywa duara zima, tofauti na pampu yetu.

Na Kukusimba. Huyo sikumbuni mimi. Alichorwa na binti yangu Aneth akiwa na miaka saba: kuku wa miguu mitatu, shingoni ana manyoya ya simba dume. Alinipa karatasi ile siku naondoka, akasema nimtunze. Wale ishirini na mmoja wengine nimewatengeneza ili Kukusimba awe na wa kuwapiga.

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya mchezo. Meza ni ndoo iliyogeuzwa, juu ya kifusi, kwa sababu ndiko mtandao uliko. Saa kumi jioni nampigia Aneth kwa simu ya mama yake, Serafina. Yeye anamwamuru Kukusimba, mimi namlisha na kumrushia dadu.

Makoye, anayevuta kamba ya winchi, ni Msukuma wa hapa hapa Mbogwe. Hataki kupigana. Kakamata madude manne, anauliza lipi jike. Nikamwambia huu ni mchezo wa vita. Akasema mtu mwenye akili hapiganishi mifugo yake, anaizalisha. Ameomba nimchoree ndama.

Maganga, fundi wa pampu, amesema hii ni ludo iliyougua. Kisha akauliza mbele ya watu: "Kalisti, dadu za mtoto mbona hazijawahi kutoa moja?" Nikasema mtoto ana bahati. Ukweli ni kwamba huwa naziangalia mimi kwanza, ndipo natangaza. Baba gani atamtangazia mwanawe moja, naye yuko mbali siku mbili za basi?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa ya Maganga! Mchana kutwa yuko na pampu yake, hawezi kufika mezani. Nimeandika Sheria ya Tano: dude lisipolishwa na mlishaji wake mezani siku tatu, linamsahau. Atakayelilisha siku hizo ndiye mwenyewe.

Nikaisoma kwa sauti. Maganga akafoka kutoka kule chini kwamba niifute. Nikajibu sheria haifutwi! Aneth kwenye simu akaomba niirudie polepole, anaandika kwenye daftari. Ana mwandiko kunishinda. Mimi niliishia darasa la sita.

Nyuma yake nilisikia mdogo wangu Benjamini akicheka. Yuko pale kila jioni tangu niondoke. Anapasua kuni, anaziba paa. Aneth kamchorea nakala ya madude yote kutoka picha nilizotuma, wana meza yao. Vizuri tu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Majivu sikupata, nimepata tope. Sheria imemuudhi Maganga hadi akaifufua pampu kwa siku moja! Siku zote hizi ilikuwa imemshinda. Maji yametoka, tumerudishwa shimoni, zamu ndefu kufidia mvua. Tunatoka mtoto kashalala. Maganga sasa hana kazi, amekaa juu ya kifusi anamlisha Chura wake. Aliye chini ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya tatu chini. Jiwe limeniponda kidole. Sijaenda kifusini hata mara moja. Sina wasiwasi. Sheria ya Tano niliitunga kwa ajili ya Maganga.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi, kifusini. Aneth kapokea. Shikamoo baba. Marahaba mama. Nikamwambia leo Kukusimba anakutana na Sagasaga, ajiandae. Akasema Kukusimba siyo wako tena, baba kamlisha siku zote tatu.

Nikasema sijamlisha, nilikuwa shimoni.

Akasema siyo wewe baba wa simu, ni baba wa hapa.

Mtoto kumwita baba yake mdogo "baba" ni desturi. Hata mimi niliwaita hivyo wadogo wa baba yangu. Lakini "baba wa simu" siyo desturi ya popote.

Nikamwambia mwenye mchezo ni mimi, Sheria ya Tano naifuta leo. Akanikumbusha kwamba nilimwambia Maganga sheria haifutwi. Alisikia. Mtoto huyu anasikia kila kitu. Kisha akashusha sauti, akasema njia ipo: nije nikae mezani kwao siku tatu, nimlishe kwa mkono wangu, atanikumbuka. Hesabu yake kaifanya vizuri. Serafina akachukua simu, akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Hakuuliza lingine. Zamani aliuliza narudi lini.

Nilimsimulia Makoye nikitarajia atacheka. Hakucheka. Akasema kwao ng'ombe unaweza kumweka kwa jirani miaka mitano, na sikioni ana alama yako. Jioni anamfuata anayemchunga. "Alama haimwiti ng'ombe, kaka." Akasema pia Jumatatu asubuhi lori la shemeji yake linakwenda Kahama, mbele kuna nafasi. Kahama kuna mabasi ya Tabora, na Tabora napata la kwetu. Mgao wetu wa mawe ya dhahabu umetoka, nauli ipo. Sina sababu ya kubaki.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Nimefunga begi, Kukusimba nimemlaza katikati ya mashati asikunjike. Mama Justa kanipa karanga za njiani na boksi zima la biskuti, tupu. Amesema hili nilikate hadharani. Nimemwambia Aneth nakuja. Akasema siku tatu nzima, nisije nikaondoka katikati.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa nimeshapanda! Begi miguuni, mlango umefungwa. Maganga akaja chini ya dirisha na kadi mpya thelathini za madude, zenye rangi. Akatangaza mbele ya watu kwamba Sheria ya Tano inamhusu na mwenye meza: nikikosekana siku tatu, meza ni yake. Sheria yangu mwenyewe! Nikashuka. Raundi moja tu, nimwoneshe. Dereva akasema anamalizia chai.

Nikarusha. Moja na moja. Nikarusha tena. Moja na mbili. Watu walikuwa wameinama juu ya ndoo, hapakuwa na nafasi ya kuziangalia kwanza. Nilisikia honi. Nilimsikia Makoye akiniita, mara mbili. Nikasema bado kidogo, napindua meza.

Nilipoinua kichwa, lori lilikuwa limeshavuka daraja. Na begi. Na Kukusimba. Yeye amefika Kahama.

Makoye amechukua ndama wake aliyechorwa, kamtia mfukoni, karudi kwenye winchi.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa! Sheria ya Sita: mlishaji aliye safarini anahesabiwa yuko mezani. Na safari inaanza siku begi lilipoondoka, siyo siku mtu alipoondoka. Maganga hana pa kupenya hapo.

Nimemsomea Aneth. Hakuomba nirudie. Aliuliza kama na Kukusimba anahesabiwa ameshiba. Nikafikiri kidogo, nikasema ndiyo. Nimeliandika na hilo.

Begi linarudi Alhamisi na lori. Alhamisi hiyo hiyo nina marudiano na Maganga, nikimpiga naondoka nalo. Lori likichelewa, wiki ijayo. Ila kwa vyovyote Pasaka nitakuwa nyumbani. Nimemwambia Aneth aandike kwenye daftari. Akauliza aandike ya mwaka gani. Nikasema hii hii, mwanangu. Hii hii.