Pikipiki ya Betri Barazani kwa Mzee Khatibu

Jamani, leo nimefedheheka, na mtaa mzima wa Kiponda umeshuhudia. Nakwambieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko sokoni najua habari imeshatiwa chumvi.

Mnaijua ile pikipiki kuukuu niliyoachiwa na marehemu babu. Injini yake ilikufa zamani, na hata ingekuwa nzima, petroli siku hizi huipati mpaka upange foleni. Mimi fundi wa redio, umeme ndio kazi yangu. Nikasema, kwani lazima petroli? Nikaing'oa injini. Nikachukua mota ya kuwashia kutoka lori bovu, na betri mbili za lori hilohilo, nikazichaji, nikafunga mnyororo. Swichi nikatumia ya ukutani, ile ya kuwashia taa chumbani. (Msiniulize kwa nini. Ndiyo iliyokuwepo.)

Leo baada ya alasiri nikaitoa kuijaribu. Na leo haikuwa siku ya kujaribu kitu! Ami yangu Suleiman alikuwa aende usiku kwa Mzee Khatibu kunipelekea posa ya bintiye, Zuwena. Mzee Khatibu alishasikia kwamba mimi ni kijana wa kuokotaokota vyuma. Nikaona nipite barazani kwake anione nimepanda kitu nilichokiunda mwenyewe, ajue bintiye haposwi na mpuuzi. (Ndiyo akili yangu hiyo.)

Nikabonyeza swichi. Pikipiki ikaondoka bila moshi, bila kelele. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Nikakata kona, nikamwona Mzee Khatibu na wenzake wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Nikabonyeza kuzima, ili nisimame, nishuke, nisalimie kama mtu aliyelelewa.

Swichi ikagoma. Imeungua ndani, shaba imeng'ang'ania shaba. Nikakamata breki, pikipiki ikapunguza kidogo, ikaendelea na safari yake. Waya wa kukata umeme uko chini ya kiti, na juu ya kiti nimekaa mimi.

Mnajua adabu ya kwetu. Huwapiti wazee barazani juu ya chombo bila kusimama. Mimi nikapita. "Assalaam alaykum," nikasema. Wakaitikia wote, vizuri tu.

Mbele kuna njia tatu. Moja ina ngazi, ya pili inatokea sokoni kwenye watu. Ya tatu inazunguka nyuma ya msikiti na kurudi palepale barazani. Nikaishika hiyo. Kupita tena kimya sikuweza, nikatoa salamu upya. Na salamu ile ni wajibu kuijibu, basi wakaweka vikombe chini wakajibu, ila si kwa furaha. Nilipozunguka tena, Mzee Khatibu alijibu amesimama.

Hapo betri zikaanza kuchoka. Nikashukuru, kumbe ndiyo balaa lenyewe! Pikipiki haikusimama. Ilipunguza mwendo ikawa sawa na mtu anayetembea. Mzee Khatibu akachukua bakora yake, akafuatana nami ubavuni. Wenzake nyuma yake. Muuza kahawa naye nyuma yao, na dele lake la kumiminia mkononi.

Mzee akaniamuru nishuke. Nikamwambia siwezi, uzito wa betri hizi ukinitoka mikononi utaingia dukani mwa mtu. Akaniuliza kama nimelewa. Nikaapa sijalewa. Kisha akauliza kwa ule upole unaotisha:

"Masoud, unatafuta nini nyumbani kwangu?"

Ningeweza kusema nnapita tu. Ningeweza kusema chochote.

"Nnataka kumuoa Zuwena."

Yarabi! Mtu kujiposea mwenyewe, njiani, kapanda, na baba wa binti anakwenda kwa miguu! Ami yangu ameshapiga pasi kanzu kwa kazi hiyohiyo. Wazee wakaleta astaghfirullah. Tulikuwa tumeshazunguka tena mpaka nyumbani kwake, na kutoka dirisha la juu nikasikia kicheko kilichozibwa kwa kiganja, na mwenye kicheko nikamjua. Niliona aibu na furaha kwa pamoja.

Ndipo pikipiki ikasimama. (Sasa!) Nikashuka.

"Shikamoo, Mzee."

Akanitazama mimi, akaitazama pikipiki. Nikaona nimeshamkosa Zuwena, kwa ajili ya swichi ya taa.

"Marahaba," akasema mwisho. "Mwambie ami yako asije leo."

Nikainamisha kichwa, nikaanza kuisukuma pikipiki yangu. Machozi yalikuwa karibu, siwafichi.

"Aje kesho," akaongeza, anajifuta jasho. "Leo nshachoka kutembea."

Basi nyinyi rafiki zangu, chekeni leo mpaka mtosheke. Kesho nahitaji wa kufuatana na ami kwenda kuposa, na nataka nyuso zenye heshima.