Mtoto Achague Mada Isiyochimba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na nafasi yake naishika mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uelekezaji wa Mada, ambaye vilevile ni mimi, ndugu yangu Mwalimu Mkuu uliyeketi hapa kando yangu, waheshimiwa wajumbe wa bodi mliokaa kivulini, wazazi wapendwa mliosimama juani, wanafunzi, ambao ni taifa la kesho na kwa hiyo leo naomba mnyamaze, mabibi na mabwana, na kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ahesabu kwamba nimemtaja. (Makofi.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kufungua maonyesho ya sayansi ya shule yetu na papo hapo kuzindua rasmi bomba lake la maji, mradi ambao kamati yangu imeutekeleza kwa asilimia mia moja na kumi, yaani umekamilika na bado unaendelea. (Makofi. Mtu mmoja anakohoa kwa muda mrefu.)

Ndugu zangu, kuchagua mada ya maonyesho si lelemama. Mada ni kama kiatu: ikiwa ndogo inakubana, ikiwa kubwa inakuvuka mbele za watu. Ndiyo maana tuliandaa semina elekezi, kisha warsha ya kuitathmini semina, kisha kikao cha kupongezana kwa warsha, na katika mchakato huo shirikishi tukabaini kwamba watoto tisa kati ya kumi huchagua mada kwa kutazama vitu vilivyo karibu nao. Jambo hili ni la hatari. (Minong'ono.)

Natoa mfano hai. Majuzi nilizuru darasa la sita, nikakalia kiti cha mwalimu wa sayansi, naye akasimama ukutani. Akanyoosha mkono binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Kwanini, mtoto wa yule fundi cherehani pale nyuma, mwenye utepe wa kupimia shingoni. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, maana mimi ni mtu wa watu. Nikamuuliza mada yake. Akasema: "Maji ya bomba letu yako wapi?" (Kicheko.)

Msicheke, mtoto ni mtoto. Nikamwambia kwa upole wa mzazi, "Mwanangu, si ufanye volkano tu? Unatia magadi, unamimina siki, povu linafurika, wageni wanafurahi, na hakuna anayeulizwa kitu."

Akanijibu, "Mzee, mdogo wangu anaumwa tumbo tangu likizo. Amekonda mpaka mama amempunguzia nguo zote. Daktari amesema ni maji ya mtoni. Sasa kwa nini tunachota mtoni na bomba lipo?"

Hapo, ndugu zangu, nilihisi joto shingoni, joto ambalo kitaalamu linaitwa joto la uongozi. Nikamgeukia mwalimu. "Hii mada umeipitisha wewe?"

"Nimeipitisha, mheshimiwa," akasema. "Na yeye na wenzake wameifanyia kazi kwelikweli. Waligonga bomba kwa kijiko huku wametega masikio, likawa linalia tupu kila mahali. Ndipo wakachimba kulifuata, wakakuta limeishia..."

Nikamkatiza pale pale. Nikamwambia, mwalimu, kuishia ni mtazamo! Wapo wanaoona bomba limeishia, na tupo sisi wenye maono tunaoona bado halijaanza. (Makofi kutoka meza kuu.)

(Fundi cherehani, kwa sauti: "Limeishia wapi, mwanangu?")

Mama, maswali ni mwisho wa hotuba.

(Sauti ya mtoto: "Chini ya banda la kuku la Mwalimu Mkuu!" Kicheko kirefu. Mwalimu Mkuu anatazama saa.)

Utulivu, tafadhali! Kuku nao ni wadau. Kwa kifupi, kamati ilikaa ikaazimia kwamba mada inayofaa isiguse kitu kilichopo, isichimbe, na matokeo yake yajulikane kabla ya jaribio, ili kuondoa usumbufu. Nikamrudia binti na azimio hilo, nikamwahidi hata meza ya mbele kabisa kama atakubali volkano. Akakataa. Mtoto wa watu, ananitazama usoni, anakataa! Akasema, "Basi sishiriki, mzee. Mchana wa maonyesho nitakaa nyumbani nimchemshie mdogo wangu maji." Nikamkubalia, kwa sababu kuchemsha nako ni fizikia, ingawa naona leo amekuja na sauti yake yote. (Kicheko. Wazazi wengine hawacheki.)

Mkipita kwenye meza mtakuta volkano arobaini, zote sawasawa kama mayai, ushahidi wa ubora usioyumba. Zawadi ya kwanza itatolewa kwa wote, ili asiwepo wa kuuliza.

Sasa nikisema "Sayansi", mnaitikia "Nidhamu"! Sayansi! (Wazazi wanajipepea kwa kanga.) Mmechoka na jua, naelewa. Nikisema "Maji", mnaitikia "Yaja"! Maji! (Wazazi: "Yako wapi?")

Mwitikio mzuri, ila mmekosea neno. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwalimu wa sayansi, ambaye kuanzia Jumatatu atafundisha michezo. Nawashukuru wanafunzi waliofukia mtaro wao wasije wageni wakatumbukia. Na kwa namna ya pekee nawashukuru akina mama walioamka alfajiri, wakabeba ndoo kutoka mtoni, wakajaza pipa lile pale nyuma ya ukuta na kuliunganisha na bomba hili kwa mpira, ili mimi nikifungua bomba hapa mbele, kitu kitoke. Naomba mkasi, nikate utepe. Na makofi yawe mafupi, ndugu zangu; pipa lenyewe ni dogo.