Kamshafti ya Mbio kwenye Gari la Jeneza

Gazeti ndilo lililoleta maneno. Zadock, ambaye benchi la chai la Mama Adero pale Nyamasaria lilimwita Wakili kwa kuwa hakuwahi kukubali kushindwa, alisoma kwa sauti kwamba gari lililoongoza mbio za Pasaka lilifungwa kamshafti yenye vinundu virefu, ili vali zifunguke zaidi na injini ipumue. Wote wakamtazama Walter Safari.

Walter alikuwa amefunga kamshafti ya namna hiyo kwenye pikapu yake ya Peugeot, na majigambo yake yalikuwa yamefika hadi Awasi. Alilonyamazia ni kwamba sasa gari lilipenda kukimbia tu. Ukilipunguza mwendo, linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha linazima. Na kesho lilipaswa kubeba jeneza la baba mkwe wake hadi nyumbani Kombewa, nyuma ya kwaya, kwa mwendo wa miguu, wakwe wote wakitazama.

"Ni cheche," Walter alisema. "Zimepungua nguvu. Kamshafti haina neno."

"Mshitakiwa anamsingizia jirani," Wakili akasema.

Fundi Wabwire aliunga mkono habari ya cheche upesi sana, maana kamshafti aliiuza yeye. Akachomoa plagi, akamwambia Walter aishike kwa mpira wa waya wake, aiegemeze kwenye chuma cha injini, naye akazungusha hendeli. Walter alimwomba Mungu ampe cheche ya njano, nyembamba, ya kigonjwa. Ikaruka ya buluu, nene, ikilia ta, ta, ta.

Wakili hakuridhika. Zamani, alisema, cheche ilipimwa kwa mkono. Akashika ncha ya waya, Wabwire akazungusha, na Wakili akajikuta ameketi ndani ya karai la vyombo la Mama Adero.

"Zina nguvu," alisema, vikombe vikimwelea kiunoni. "Naondoa pingamizi."

Kicheko kilipotulia, Wabwire alikuwa ameshaanza kukusanya spana zake kimya kimya.

"Bwana Safari," Wakili aliendelea humo humo karaini, "kesho marehemu atatangulia. Wafiwa watamkuta ameshazoea kaburi."

Walter aliitazama injini. Kuirudisha kamshafti ya zamani kulimaanisha kuifungua injini hapo hapo, mbele ya midomo hii. Akamgeukia Mama Adero, aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya kesho.

"Mama, hamna wimbo wa haraka kidogo?"

Mama Adero alimimina chai bila kuinua macho.

"Upo, baba. Lakini hao wamama wangu, nani atawafungia kamshafti?"