Skrubu ya Redio ya Mama Shabani

Leo nimeumbuka. Nawaandikia nyinyi wenzangu wa chama cha kompyuta mlioko Ikwiriri kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa Rashidi, maana Rashidi ataongeza chumvi. (Na hii haihitaji.)

Kosa nililifanya asubuhi, chai haijapoa. Nilizungusha skrubu bila kuweka alama pale ilipokuwa.

Mnajua hali yetu hapa Kibiti. Kompyuta tunayo moja, ile ndogo aliyotuachia fundi visima Mhungaria alipomaliza mkataba wake. Kioo chake ni televisheni ya Mama Shabani. Programu zinaingia kutoka kwenye kaseti, kupitia redio ya Mama Shabani. Betri ya gari ni ya Mama Shabani, na sebule ni ya Mama Shabani. Chetu sisi ni waya.

Majirani wameanza kumsema kwamba amefuga vijana wenye mashine inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. (Ndivyo programu inavyolia ikiwa kwenye kaseti. Mimi husikia muziki.) Kwa hiyo akaamua kwamba leo, watu wakitoka msikitini, waje waone kwa macho yao tunafanya nini. Wakiridhika, tubaki. Wasiporidhika, tuhame. Na Kibiti nzima simjui mwingine mwenye televisheni atakayetuvumilia.

Nilikuwa nimeandaa mchezo wangu mwenyewe: mtumbwi unapita kwenye mikoko ya Mbuchi na kukwepa viboko. Nimeurekebisha tangu masika. Leo asubuhi nikautazama, nikaona kiboko anafanana na kiatu. Nikaamua tuwaonyeshe ile kaseti mpya iliyotumwa na wenzetu wa Hungaria, chama cha yule fundi, wazee na wanafunzi wanaokutana kama sisi kuchezea vikompyuta kama chetu. Mmoja wao ametengeneza farasi anayekimbia kwenye theluji. Fundi aliandika kwamba mpaka manyoya ya shingo yanapepea.

Kaseti ikagoma kusomeka.

Rashidi, fundi redio wetu, alishatueleza. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine huweza kugoma mpaka uinamishe hedi kidogo, kile kichuma kinachogusa utepe, na kuna skrubu ndogo pembeni yake. Alisema pia tumsubiri yeye. (Hilo la pili nililisikia vizuri. Sikulipenda tu.) Nikazungusha. Farasi akatokea, manyoya yanapepea kweli. Nikaenda kuoga nikiwa mtu mwenye furaha.

Baada ya swala sebule ilijaa. Maalim Kondo alipewa kiti. Bi Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta na mwenye malalamiko hasa, alikaa mkekani karibu na mlango ili aondoke mapema. Rashidi alisimama dirishani. Mimi nilikuwa nimeishika bisibisi yangu ndogo, kama ninavyofanya nikiwa na wasiwasi.

Kabla sijatia kaseti ya farasi, Mama Shabani akanizuia. Basi la asubuhi lilimletea kaseti ya mwanawe kutoka Maskati. Shabani haandiki barua, huongea kwenye kaseti. Kwa kuwa watu wamekusanyika, akasema, tuanze na salamu zake.

Akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi, juu ya blanketi godoro, na mdomoni ana ubwabwa wa moto. Salamu ilisikika kwa mbali. Baada ya hapo ikawa mngurumo mtupu.

Mama Shabani akainamia redio. "Mwanangu anaumwa," akasema.

Sebule nzima ikaanza kutibu. Bi Tatu alisema ni kifua, marehemu mjomba wake alianza hivyohivyo. Mwingine akasema matubwitubwi. Mwingine akalaumu viyoyozi vya Uarabuni. Mama Shabani, machozi yanamlengalenga, alikuwa tayari anauliza nani anakwenda Dar es Salaam kesho, wafuatane akapige simu. Maalim Kondo akainua mikono tumwombee mgonjwa. Sote tukainua.

Na mimi nikainua. (Ndiyo. Nilimwombea shifaa mtu mzima wa afya.) Nilitaka dua inipe muda wa kufikiri, ikanipa muda mwingi mno. Rashidi aliitazama redio, akanitazama mimi, kisha akaitazama mikono yangu. Niliiinua pamoja na bisibisi.

"Maalim, samahani," nikasema kabla ya amina. "Shabani haumwi."

"Wewe umejuaje?" akauliza Bi Tatu.

"Inayoumwa ni redio. Mimi ndiye niliyeiumiza."

Nikaeleza skrubu, hedi, na farasi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Mama Shabani hakunifokea. Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema kwa upole, "Haya. Nirudishie mwanangu."

Sasa kumbukeni ile alama ambayo sikuiweka. Nikapiga magoti mbele ya redio, kaseti inazunguka, nikawa nageuza kidogo kidogo huku sebule nzima inaniongoza. Bado. Bado. Umepita, rudi. Kumbe Bi Tatu ndiye mwenye sikio kali kuliko wote. "Kushoto kidogo, mwanangu," alisema. "Hapo bado ana mafua." Nikaenda kushoto. Mara blanketi likaondoka, na Shabani akatoka mle ndani mzima, kwa ile sauti yake ya mnadani:

"...na hao vijana, mama, waazime tu redio, wajifunze. Ila yule mwembamba wa bisibisi uliyeniambia habari zake, asiifungue. Namjua yule. Akikuta kitu kizima hawezi kukiacha."

Maalim Kondo, ambaye nilimkatiza dua, akaimalizia. "Amina," akasema, na watu wakaangua kicheko. Mama Shabani alicheka mpaka akaitafuta tena ncha ya khanga.

Skrubu ilipokuwa imerudi mahali pake, farasi wa Hungaria hakusomeka tena. Nikabaki na mtumbwi wangu. Kaseti yake niliirekodi kwenye redio hiihii kabla sijaichokoza, ikaingia mara moja. Bi Tatu akauliza kile kiatu majini kinafanya nini. Nikamwambia ni kiboko. Akasema basi kimpishe, akaomba naye aendeshe, na kiatu kikamla. Akaomba tena. Maalim akabaki anasubiri zamu.

Wenzangu, namshukuru Mungu, na nawashukuru watu hawa. Nilistahili kufukuzwa, nikapewa chai. Msinicheke sana. Sebule bado ni yetu kila Ijumaa, na Bi Tatu anakuja. Skrubu ina tone la rangi ya kucha kuonyesha mahali pake. Bisibisi inakaa kabatini kwa Mama Shabani, na nikiihitaji naomba.